Mtoto kapima sikoseli mara 3, majibu 3 tofauti. Watu wa maabara njooni hapa

mama_wa_nyakato:
Habari za usiku wapendwa. Niko Mwanza, nina kijana wangu wa miezi kumi, naombeni mnisaidie maana usingizi hamna kabisa.

Alipokuwa na miezi mitatu tulipita zahanati moja ya binafsi kwa ajili ya kikohozi tu, yule dada wa maabara akasema huku kanda ya ziwa sikoseli ni nyingi ngoja nimpime na hiyo, akamtoboa kidole akafanya wanachoita sikling, jibu likaja negativu. Nikashukuru Mungu nikasahau. Alipotimiza miezi tisa akaanza kuvimba vidole vya mikono na miguu, yaani viganja vimejaa kama maandazi, ukimgusa tu analia, homa juu, kufika hospitali damu 4.8 na malaria imo, akalazwa akaongezewa damu. Tulipotoka, kama wiki mbili hivi, nikarudi pale pale zahanati nikamwambia dada rudia kile kipimo, safari hii POZITIVU. Dada yule yule, kipimo kile kile!! Nikaona huu utani, nikapeleka sampuli maabara kubwa wakapima na mashine ya HPLC, karatasi inasema himoglobini kwa asilimia, A 52, S 33, F 12, A2 3, halafu chini wameandika "AS, mbeba vinasaba, siyo mgonjwa".

Daktari wa kliniki kaiangalia ile karatasi kaikunja kanirudishia, anasema mimi huyu namhudumia kama SS, yaani mgonjwa wa sikoseli, mpaka tutakapopima tena. Sasa nimwamini nani hapa, mashine ya mamilioni au daktari ambaye hata kipimo hajafanya? Na baba yake anasema ukoo wao hauna huo ugonjwa, wifi nae ameshaanza maneno yake ya chini chini. Nisaidieni jamani.

baba_rozela:
Pole dada. Mpe juisi ya rozela na bitiruti asubuhi na jioni, wangu alikuwa na damu 6 ikapanda mpaka 11 hata hospitali sikurudi. Hivi vipimo vyao ni biashara tu.

fundi_jeli:
Mkuu wewe unaongelea wingi wa damu, mwenzio anauliza aina ya himoglobini. Ndoo inaweza kujaa pomoni na bado maji yakawa ya chumvi. Rozela mpe kama anaipenda ila haigeuzi himoglobini S ya sikoseli kuwa A ya kawaida.

Mama Nyakato pole sana. Mimi niko benchi mwaka wa 11 huu, ngoja nikupitishe kipimo kimoja kimoja maana hapo kwako hakuna kipimo kilichodanganya, kilichokosewa ni kusoma.

Sikling ni hivi, unachukua tone la damu unaliweka kwenye slaidi, unaongeza tone la sodiamu metabaisalfaiti, hiyo kazi yake kunyonya oksijeni, unafunika na kile kioo chembamba unaziba pembeni hewa isiingie, unasubiri nusu saa au zaidi ndo unachungulia kwenye maikroskopu. Chembe yenye S ya kutosha ikikosa oksijeni inajikunja, inakuwa kama mundu, nyingine zinachongoka kama jani la msufi. Sasa mtoto wa miezi mitatu bado amejaa himoglobini F, ile aliyotoka nayo tumboni, na F inazuia S zisishikane, kwa hiyo unaweza ukakaa hapo ukichungulia mpaka jicho linatoa machozi chembe ni duara tu. Ndo maana sikling chini ya miezi 6 huwa sikubali kabisa kuifanya, mzazi anapewa negativu anaenda nyumbani amelala. Na ile kemikali inatakiwa itengenezwe siku hiyo hiyo, ya jana ni maji. Sijasema kwako ilikuwa ya jana, nasema tu kwa uzoefu.

Halafu hata ikija pozitivu inakwambia kitu kimoja tu, S IPO. Haikwambii ipo kiasi gani na iko na nani. AS pozitivu, SS pozitivu. Kwa hiyo hiyo ya pili nayo haikukupa jibu.

Kujua AS au SS lazima uzitenganishe hizo himoglobini. Naendelea hapo chini, nakula kwanza.

mama_wa_nyakato:
Kula tu kaka nasubiri, leo silali.

fundi_jeli:
Nimerudi. A na S zinafanana karibu kila kitu, tofauti ni kiungo kimoja kwenye mnyororo wa beta, nafasi ya 6, A ina glutamati S ina valini. Glutamati ina chaji hasi, valini haina chaji. Kila himoglobini ina minyororo miwili ya beta, kwa hiyo S imepungukiwa chaji hasi mbili, basi, ugonjwa wote umetokea hapo. Na hiyo chaji ndo tunayoikamata.

Mimi nimejifunzia kwenye ile ya zamani, elektroforesisi ya karatasi ya seluloza asetati. Damu unayo kwenye tyubu ya kofia ya zambarau, unazungusha kwenye sentrifuji, unamwaga plazma yote, chembe nyekundu unaziosha na salaini mara tatu mpaka maji ya juu yanakuwa meupe, ukiwa mvivu hapo protini za plazma zinakuja kukuchafulia kazi. Unazipasua, unapata maji mekundu yanayong'aa, hayo ndo himoglobini. Unayagusisha kwenye karatasi kwa kile kibano chenye meno membamba, mstari mwembamba kama wa kalamu, ukikandamiza sana bendi inatoka nene kama kidole. Karatasi unailaza kwenye tanki la bafa ya pH 8.6, unawasha umeme, volti 350, dakika 25 hivi. Kwenye hiyo bafa himoglobini zote zina chaji hasi zinakimbilia upande wa chanya. A anatangulia, F nyuma yake kidogo, S anachelewa kwa sababu ya zile chaji mbili, C na A2, aina nyingine za himoglobini, wamekaa karibu na mstari walipoanzia. Ukishazima unapaka rangi ya Ponso, karatasi nzima inakuwa nyekundu unashtuka, unaisafisha na asidi asetiki mara kadhaa ndo bendi zinabaki peke yake. Pembeni kila siku tunaweka kontroli ya AFSC, damu tunayoijua, tunalinganisha nayo kama rula. Bila kontroli hiyo karatasi ni kitenge tu.

HPLC ni mbio zile zile ila badala ya karatasi ni mrija umejazwa chembechembe zinazong'ang'ania himoglobini, bafa inabadilishwa taratibu, kila himoglobini inaachia kwa dakika yake, mashine inachora mlima na kupima ukubwa wa mlima, ndo hizo asilimia zako. Faida yake inakupa namba, karatasi inakupa jicho.

Sasa swali lako. Mashine haijakosea hata nukta. Imepima kilichokuwa kwenye tyubu, na kwenye tyubu kulikuwa na damu ya watu wawili, mwanao na aliyemchangia. Chembe nyekundu inaishi kama siku 120. Wewe umepeleka sampuli wiki ngapi baada ya kuongezewa? Mbili, tatu? Hiyo A 52 inaweza kuwa yote ni ya mgeni. Mtu wa AS kweli huwa A imezidi S, kama 60 kwa 40, na mtoto wa SS aliyeongezewa damu anaweza kuangukia hapo hapo bila tatizo lolote. Kwenye karatasi wanafanana kama mapacha. Aliyeandika "siyo mgonjwa" nina hakika fomu yake haikuwa na sehemu ya kuongezewa damu au ilikuwepo ikaachwa wazi.

Daktari wako yuko sahihi. Vidole kuvimba vile kwa mtoto wa umri huo, halafu damu 4.8, mtu wa AS hafanyi hivyo.

omena_fry:
Hujambo mama, pole sana na mtoto. Mimi niko Kisumu, nafanya kazi ya maabara pia, huku kwetu sikoseli ni nyingi kama kwenu tu. Nakubaliana na fundi lakini kuna kitu amepita haraka. Aliyetoa damu pia anaweza kuwa AS! Watu wa AS wako na afya nzuri, wanatoa damu kama kawaida, na hakuna mtu amewapima S. Kwa hivyo hata hiyo S 33, kidogo yaweza kuwa ya donari. Mimi nimeona mtoto wa AA kabisa, yaani hana S yake mwenyewe, ameongezewa, sikling ikawa pozitivu, familia ikalia wiki mbili bure. Kwa hivyo sampuli ya baada ya damu inaweza kudanganya pande zote mbili.

Lakini angalia F. Mtoto wa miezi kumi mwenye AS, F huwa imeshuka sana, mara nyingi chini ya 5. Huyu ako na 12, na hiyo ni baada ya kuchanganywa na damu ya mtu mzima ambayo F yake ni kama hakuna. Maanake F yake mwenyewe iko juu zaidi. Hiyo inaniambia mimi ni SS. Siandiki ripoti kwa hiyo lakini naona inaelekea huko.

Ile kitu unaweza kufanya kesho asubuhi bila kungoja miezi, pimeni nyinyi wazazi. Nyinyi hamjaongezewa damu. Kama mmoja wenu ni AA, mtoto hawezi kuwa SS.

fundi_jeli:
Hiyo ya donari wa AS ni kweli kabisa, nimesahau. Na la wazazi ningelianza nalo.

mama_wa_nyakato:
Sampuli ilikuwa siku ya 16 baada ya kuongezewa. Na kweli hakuna aliyeniuliza, dirishani waliuliza jina, umri na namba ya simu. Baba yake nitamwambiaje akapime, atasema namshuku.

omena_fry:
Mwambie AS haina dalili, inaweza kutembea kwenye ukoo vizazi vinne hakuna mtu amejua, mpaka siku imeoana na AS mwingine. Hiyo ni kama kuwa na mkono wa kushoto tu.

kijana_wa_chuo:
Samahani naingilia, nipo mwaka wa pili maabara. Kwenye somo tumeambiwa bendi ya S na bendi ya D, ile himoglobini nyingine, zinakaa sehemu moja, sasa unajuaje kama ni S na siyo D? Na hii mambo ya chaji nani aligundua, tuna mtihani ijumaa hahaha

fundi_jeli:
Swali zuri. Kwenye alkali S, D na G zote zinasimama kituo kimoja. Ndo unahamisha sampuli ile ile kwenye jeli ya agari ya sitreti, pH 6 na ushee, huko D na G zinaenda kukaa na A, S anabaki peke yake. Au kwa haraka unafanya kipimo cha kuyeyuka, ile tyubu yenye daithionaiti, unaisimamisha mbele ya karatasi yenye mistari myeusi, S ikiwepo inaganda maji yanakuwa ukungu mistari haionekani, D haifanyi hivyo. Ila angalia, mgonjwa mwenye damu ndogo sana S inaweza isitoshe kuleta ukungu, na mwenye mafuta mengi kwenye damu au protini zimezidi ukungu unatokea bila S. Ukiona ukungu kwa mtu hafanani, osha chembe urudie.

Aliyegundua ni kina Linus Pauling na Harvey Itano na wenzao kule California, 1949, walitumia mashine ya elektroforesisi ya mtindo wa Tiselius wakaona himoglobini ya wagonjwa inakimbia tofauti na ya wazima, na ya wale wabebaji iko mchanganyiko wa zote mbili. Hawakujua ni kiungo gani kimebadilika, hilo alilikamata Vernon Ingram Uingereza miaka michache baadaye, aliikatakata protini vipande akavitandaza kwenye karatasi, kipande kimoja tu ndo kilikuwa kimehama. Andika hivyo ijumaa, ila ya omelette usiandike.

kijana_wa_chuo:
omelette ipi?

fundi_jeli:
Basi, stori ndefu, kuna mwenzetu aliunguza jeli ikawa kama omelette.

mjukuu_wa_mzee:
Jamani na mimi nina swali la protini, babu yangu ana maumivu ya mgongo na figo zimesumbua, daktari kaandika elektroforesisi ya protini. Ndo hiyo hiyo ya sikoseli? Maana ana miaka 71 sasa sikoseli itatoka wapi.

fundi_jeli:
Hapana mkuu, umeme ni ule ule ila kinachopimwa kingine. Sisi hapa tunamwaga plazma tunabaki na chembe, kwa babu yako ni kinyume, chembe zinaachwa wanachukua seramu, yale maji ya njano. Zinajigawa mafungu, albumini ndo mlima mkubwa wa kwanza, halafu alfa 1, alfa 2, beta na mwisho gama ambako kingamwili zinakaa. Gama ya kawaida ni kilima kipana kimelala, ikitoka nchani kali kama mkuki maana yake kuna ukoo mmoja wa seli unatengeneza kingamwili ya aina moja tu, ndo daktari anachotafuta. Ushauri wangu mmoja, hakikisha wanamtoa kwenye tyubu ya kofia nyekundu au ya njano siyo ya zambarau, maana kwenye plazma kuna faibrinojeni, inatoa kijibendi kati ya beta na gama kinafanana na ule mkuki, watu wameshatishwa bure. Fungua uzi wako tuongee huko.

dawa_ya_penzi:
Mi naona kuna vile vya kidole dakika 10 unapata AA, AS, SS kama kipimo cha mimba, mnahangaika na mashine ya nini?

omena_fry:
Viko na ni vizuri sana, hasa vijijini, vinatumia kingamwili kutambua A, S na C. Lakini soma karatasi ya ndani kabla ujaanza! Kuna aina mstari ukitokea maanake himoglobini hiyo IPO. Kuna aina nyingine, HemoTypeSC, ni kinyume, mstari ukikosekana ndio IPO. Mtu amezoea Sickle SCAN akapewa hiyo nyingine, anasoma kila kitu juu chini. Na damu ya kuongezewa inavidanganya vilevile, hakuna kidude kinajua hiyo A ni ya nani.

mama_wa_nyakato:
Wapendwa narudi. Jana tumepima wote wawili, baba yake alikubali baada ya kumsomea hapa maneno ya mkono wa kushoto, yeye mwenyewe ni mashoto akacheka. Mimi A 58 S 38, yeye A 57 S 39. Tumekaa kwenye gari hatujaongea kama nusu saa. Halafu akampigia dada yake simu, sikusikia amesema nini ila wifi leo kaleta maziwa.

fundi_jeli:
Aisee poleni. Hapo uwezekano wa mtoto SS kila mimba ni moja kwa nne. Msipime mtoto tena sasa hivi, subirini ifike miezi minne toka siku ile ya damu, na kama akiongezewa tena mnaanza kuhesabu upya. Kliniki msiache, chanjo na dawa za kinga anazopewa haziwezi kusubiri karatasi yetu.

kijana_wa_chuo:
Nimepata 78 wakuu. Swali la D lilikuja.

mama_wa_nyakato:
(Miezi minne baadaye.) Jamani bado mpo? Nimeahidi kurudi. Tumerudia HPLC wiki iliyopita, hajaongezewa tena damu tangu ile siku. Safari hii A haipo kabisa. S 78, F 19, A2 3. Wameandika SS. Nilikuwa nimeshalia mapema kwa hiyo nilipoipokea nilikuwa mtulivu kuliko hata yule wa dirishani. Daktari kaanza kutuelezea habari ya dawa ya haidroksiurea, anasema inaipandisha hiyo F. Kijana anatembea, ameanza kuvunja vikombe.

Swali moja tu la mwisho, nikipata mwingine huko mbele nisubiri tena miezi yote hii?

omena_fry:
Hapana mama. Huyo mwingine akizaliwa mwambie mkunga, anatobolewa kisigino, matone yanaenda kwenye karatasi ya kukaushia, wanapima kwa HPLC au kwa ile ya kusawazisha pH, jeli yenye ngazi za pH na kila himoglobini inakimbia mpaka ifike kwenye pH yake inasimama hapo, inatenganisha vizuri sana hata S ikiwa kidogo. Majibu yake husomeka hivi, FA yuko sawa, FAS ni mbebaji, FS ndio mnaanza kliniki mapema kabla kitu chochote hakijavimba. Herufi ya kwanza ndiyo iliyo nyingi. Si hospitali zote zinafanya, uliza kabla hujajifungua.

fundi_jeli:
Muhimbili walishafanya kwa vichanga, na inatajwa watoto kama 11,000 wanazaliwa nayo kila mwaka hapa Tanzania, kwa hiyo uliza kwa sauti kubwa wala usione aibu. Asante kwa kurudi mama, wengi hawarudi tukajua iliishaje.

Kwangu uzi huu umenifanya nibandike karatasi pale mapokezi, herufi kubwa, UMEONGEZEWA DAMU NDANI YA MIEZI MINNE? LINI? Mzee wa kwanza kuulizwa kajibu O pozitivu.